Meneja Haoshi Madumu

Jumatatu, 3 Machi
Mama Matrida, mwenye kampuni yetu ya mtindi hapa Mwisenge, Musoma, ametangaza tunafungua tawi Bunda. Anatafuta meneja. Raha ya kampuni inayokua ndiyo hii: vyeo vinazaliwa kabla watu hawajapatikana. Karaha yake naijua pia. Mimi ni afisa masoko, dereva wa bajaji na muosha madumu ya maziwa, kwa mshahara ule ule mmoja. Lakini meneja haoshi madumu.

Kikwazo ni Dafroza wa mauzo. Wateja wote wanamtaka yeye.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Kumsema vibaya ni ushamba. Nitamsifu mpaka asing'oke Musoma. Nimemwambia Mama kwamba Dafroza ndiye nguzo ya ofisi. Akienda Bunda, huku tutafunga. Mama akasema kweli, alikuwa hajaliona hilo. Nimerudi kwenye madumu nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Bunda ni yangu! Nimenunua tai ya mtumba, nyekundu. Mke wangu, Gloria, ameuliza mshahara umepanda kiasi gani. Nikamjibu kwamba kampuni inakua, mazuri yako njiani. Ameendelea kukaanga samaki.

Jumatatu, 10 Machi
Tawi ni chumba kimoja nyuma ya gereji. Friji ipo. Kiti hakuna. Nimemuuliza Mugeta, aliyeleta mzigo kutoka Musoma, wafanyakazi wangu wako wapi. Amecheka sana. Kasema meneja ni mimi, na wafanyakazi ni mimi. Nimeosha madumu nikiwa na tai.

Jumatano, 12 Machi
Dafroza amekuja kukagua. Kumbe Mama aliyatafakari maneno yangu, akaona nguzo haifai kuachwa kwenye mauzo tu. Sasa Dafroza ni meneja wa matawi yote. Bosi wangu! Amepitisha kidole juu ya friji, akakitazama. Halafu akanishukuru.

"Nilikuwaga nafikiri hunipendi, Baltazari. Mama kaniambia yote uliyonisemea."

Ameniletea samaki, sato mkubwa. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Sato nimemmaliza.

Ijumaa, 14 Machi
Mugeta kaleta habari: Mama anataka tawi la Butiama, na baadaye la Mwanza. Aibu imeisha. Nimempigia Mama simu papo hapo. Nimemwambia Dafroza ni mtu wa kupelekwa Mwanza kabisa, kumbana huku mkoani Mara ni dhambi. Akasema kuhusu Dafroza sijawahi kukosea.

Akiondoka yeye, matawi yote atayashika nani? Nimefunga tai upya. Madumu yatasubiri muoshaji apatikane.