Nyota ya Mistari Ishirini na Sita

Jumatatu, 5 Oktoba 1953. Kitale.
Ijumaa Daktari wetu wa fizikia anamchagua mkuu wa hadubini. Ni mimi! Nani mwingine? Tuko wawili tu: mimi Wekoye, na Chepchumba, msichana wa Kapsokwony asiyejua hata kupiga umbea. Tunachungulia vioo vilivyokaa miezi miwili juu ya Mlima Elgon. Chembe zinashuka kutoka angani kwa kasi, zinagonga chembe zilizo ndani ya dawa iliyopakwa kiooni, zinavunjika, na mistari inabaki imetawanyika kama nyota. Sisi tunatafuta nyota na kuhesabu mistari. Nimeshamwandikia Mzee Mukhisa wa Kanduyi kwamba mkuu ni mimi. Bila cheo hanipi binti yake Sellah. Siku nne si kitu.

Jumanne, 6 Oktoba.
Chepchumba nyota tisa. Mimi mbili, na moja ilikuwa vumbi. Nikamshauri akapumzishe macho. Akasema ati yaliyolala tangu saa nne ni macho yangu mimi, si yake, bana. Dharau!

Jumatano, 7 Oktoba.
Wazo! Nimechora kiooni nyota yangu mwenyewe kwa sindano ya vifungo. Mistari ishirini na sita! Nimepiga mluzi mchana kutwa.

Alhamisi, 8 Oktoba.
Daktari alipoiona nyota yangu aliruka kitini, akanipa mkono. Kisha akazungusha gurudumu la hadubini. Kumbe mistari ya kweli huzama ndani ya dawa: ukizungusha, mmoja unafifia, mwingine unatokea. Yangu ilitoweka yote kwa mpigo. Akauliza ni chembe gani hii inayotembea juu juu tu. Nikasema labda imechoka na safari. Chepchumba alikohoa mpaka akatoka nje.

Ijumaa, 9 Oktoba.
Mkuu ni Chepchumba. Mimi naosha vioo. Na nani huyo mlangoni? Mzee Mukhisa, jogoo kwapani, amekuja kumpongeza mkuu! Daktari, mtu asiyejua kuficha neno, akamwonyesha Chepchumba: mkuu ndiye huyu. Jogoo nikachinja mimi, nikapika mimi. Firigisi, ambayo kwetu mwanamke haonjeshwi, Mzee akaichukua kwa mkono wake akampa Chepchumba. Akasema cheo ni cheo. Mimi nikapewa shingo. Habari ya Sellah, akasema tutaongea siku nikiwa mkuu.

Nimelia kidogo, sifichi. Lakini kosa nimeshalijua: sindano ilikuwa fupi. Kesho nanunua ile ya kushonea magunia.