Malalamiko Dhidi ya Msusi Aliyewekwa Kupokea Simu za Wateja

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima, wewe na wote ulio nao ghorofa ya juu, ambako simu hazilii. Mimi Fundi Mkuu wako nipo, ila roho inaniuma. Nakuandikia kuhusu yule dada uliyemtoa saluni alikokuwa akisuka nywele, ukamketisha kwenye dawati letu la kupokea simu za wateja waliogomewa na mtandao. Najua mwisho wa mwezi utaamua apewe mkataba wa kudumu au aende zake. Kwa heshima zote, naomba aende zake. Sababu ni hizi:

1. Hajui kitu, na anakiri. Mteja akikwama, Msusi humwambia kwamba hata yeye bado anajifunza, basi wasaidiane taratibu. Sisi mafundi tumehangaika miaka mingi ili mteja ajue kwamba asiyejua ni yeye. Heshima hiyo imevunjika asubuhi moja.

2. Wateja wanamwambia ukweli. Sisi tukimuuliza mteja kama amezima kifaa chake cha mtandao akakiwasha, hujibu ndiyo, ilhali hajakigusa. Nasi tunajua hajakigusa, na maisha yanaendelea kwa amani. Msusi haulizi hivyo. Anauliza ilikuwaje, kisha anasikiliza kana kwamba ana kichwa kizima cha kusuka mbele yake. Juzi mwenye duka la dawa, ambaye tumembadilishia kifaa mara mbili, alimsimulia mambo yote tangu aliponunua kabati la chuma. Kumbe kifaa hukaa humo ndani, ambamo mawimbi hayapenyi, kimepigwa kufuli kwa kuogopa wezi. Kila tulipokwenda alikitoa kwanza, akakipangusa vumbi, akatukaribisha. Sisi angetuambiaje? Tungemcheka.

3. Anatuhoji. Kabla hajampelekea mteja jibu letu, anataka tumweleze yeye mpaka aelewe. Wiki iliyopita alimwomba fundi mwenzangu maana ya neno ambalo mwenzangu hulitamka kutwa. Mwenzangu akaeleza, akaeleza tena, akachora, halafu akaenda msalani na hakuonekana mpaka saa ya chakula.

4. Simu zimepungua. Mteja akishaelewa kilichomsibu hapigi tena, au akipiga ni kumsalimia Msusi tu. Mafundi tumebaki kutazamana. Kesho kutwa utauliza mafundi wote hawa ni wa nini.

Basi nashauri moja kati ya mawili. Arudi saluni, au, kama kampuni inampenda sana, impeleke chuo akasomee ufundi. Akihitimu atakuwa amejaa maneno ya kifundi, hataelewa watu wala watu hawatamwelewa, nasi tutampokea kwa mikono miwili.

Nisalimie mhasibu, mlinzi wa getini, na mama wa chai, ingawa siku hizi kikombe cha kwanza humpelekea Msusi.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo kidogo,
Fundi Mkuu

Nyongeza: Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha Msusi alipokuja mezani kwangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Fundi, mama yako amepiga tena. Simu yake haina ubovu wowote. Mpigie."

Sikujua kama mama yangu huwa anapiga ofisini. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikampigia, nikamuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini asumbue dawati la wateja na hali amezaa fundi. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, wewe unatengeneza upesi mno. Sijamaliza hata kukusalimia, umeshakata."

Tumeongea mpaka chaji yangu ikaisha. Kumbe goti linamsumbua tangu mvua zianze, na Msusi analijua goti hilo kuliko mimi. Nimeona aibu, Ndugu Meneja, na nimefurahi pia. Kuandika upya sina nguvu, kwa hiyo tafadhali barua hii ianze kusomwa hapa. Mpe dada mkataba wake. Na kama kile kiti cha jirani yake bado hakina mtu, naomba nihamie hapo, nikae nisikilize.