Japani Imehamia Troyeville

Jumamosi, 4 Agosti 2018

Nimepata wazo. Si wazo la kitoto kama lile la sungura. Hili ni wazo la mtu mwenye akili timamu.

Mchana nilimpelekea Jeannine chakula saluni. Mke wangu alikuwa anamsuka mama mmoja Mkenya wa Sandton, anaitwa Lois, ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Lois alikuwa analalamika. Mume wake, Simiyu, bwana wa benki, alimwahidi kwamba wakifikisha miaka kumi ya ndoa atampeleka Japani, wakalale kwenye nyumba ya wageni ya kizamani, chini ya mlima wenye hekalu la Kishinto. Unavua viatu mlangoni, unavaa kimono, unajiloweka kwenye maji ya moto, unalala kwenye godoro lililotandikwa chini, asubuhi unapanda mlima kusali. Sasa benki imemnyima Simiyu likizo. Lois alikuwa karibu kulia, na si kwa sababu ya nywele kuvutwa.

Nikasimama na sahani mkononi. Nikamwambia mama asilie, Japani ipo hapa hapa Johannesburg, mtaa wa Troyeville, chini ya kilima, na mwenyeji wake ni mimi.

Jeannine alinikanyaga mguu. Nilikuwa nimeshasema. Wanakuja Ijumaa hadi Jumapili.

Jioni nimesomewa mashtaka yote ya biashara zangu zilizokufa. Sungura. Basi la kanisa. Yale mafuta ya kuotesha ndevu. Halafu akaleta habari ya kaka yake Alexis, msimamizi wa walinzi, ambaye amenishikia nafasi ya ulinzi tangu mwezi jana na hawezi kuishika kupita Jumatatu ya tarehe 13. Tumepatana hivi: wageni wakiondoka wamefurahi, nafasi apewe mtu mwingine na mimi niendelee na biashara zangu. Wakinuna, Jumatatu navaa yunifomu.

Nimekubali haraka. Mimi, kuinulia magari ya watu kizuizi? Kichwa hiki?

Jumatatu, 6 Agosti 2018

Maandalizi. Kwanza niandike kwamba Wajapani nawajua. Kule Bukavu niliwahi kumwendesha Mjapani wa mradi wa maji kwa siku mbili. Hakusema neno. Nilijifunza mengi.

Arlène, binti yetu, ameenda kwa shangazi yake. Chumba chake sasa ni cha wageni. Nimetoa kitanda. Nimetandika mikeka ya plastiki niliyonunua Mayfair. Muuzaji aliniuliza msikiti wetu uko wapi. Nimesema ni wa Kijapani. Akanitolea mkeka mmoja zaidi, bure, kwa huruma.

Kwa ajili ya kimono nimelazimika kwenda kwa Pitchou. Pitchou ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mtu wa Kinshasa, na tangu nimfahamu hajawahi kunisalimia bila kucheka. Nimemchorea. Akaitazama picha akasema hilo ni joho la mchungaji lililokosa vifungo. Nimemwambia asiongeze kitu. Ashone kwa kikwembe cha bluu, basi. Akauliza simu mtu ataweka wapi.

Kitu kimoja kimenifurahisha. Mpichi wa Pitchou umechanua, waridi tupu, na dirisha la chumba cha wageni linautazama moja kwa moja. Wajapani wanapenda sana maua ya namna hiyo. Sikumwambia Pitchou. Angetaka ashukuriwe.

Alhamisi, 9 Agosti 2018

Sikukuu ya wanawake ya hapa Afrika Kusini. Jeannine amepumzika, yaani amenisimamia.

Nimejenga lango jekundu mbele ya nyumba, kama yale ya hekalu: nguzo mbili, mbao mbili juu. Limeinama kidogo kuelekea robot, taa za barabarani za pale kona, lakini ukisimama vizuri hulioni limeinama. Mlima pia ninao. Kilima kile nyuma ya nyumba, kila wikendi wanapanda watu wa makanisa wenye kanzu nyeupe na fimbo, wanasali huko juu mpaka unawasikia jikoni. Mtu gani atasema hilo si hekalu?

Mama Marthe amepita. Yeye ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi kanisani kwetu. Alilitazama lango kwa muda mrefu. Akauliza nani amenitaka nipake nyekundu. Nimemjibu ni mambo ya Mashariki. Akaondoka bila kuaga, akavuka barabara moja kwa moja kwa Pitchou. Wamezungumza huku wananyoosha vidole kwangu.

Halafu Jeannine akauliza wageni watalala wapi. Nimesema chini. Akaweka kisu mezani. Akasema kwao mgeni hupewa kitanda na mwenye nyumba ndiye hulala chini, na kwamba hata yule shangazi yake mchawi alipewa kitanda. Nimemweleza kwamba Japani heshima iko chini. Akasema tutaona.

Nimemweleza pia kwamba Wajapani hula samaki mbichi. Akaweka kikaangio juu ya jiko.

Ijumaa, 10 Agosti 2018

Wamefika! Gari zuri. Simiyu ni mrefu, mpole, amechoka, tai bado shingoni. Nimeinama mpaka kiuno kikalia. Naye akainama. Nikainama tena. Tungekuwa bado pale kama Lois hakusema kuna baridi.

Chini ya lango niliweka beseni na kata, maana huko mtu husafisha mikono kabla ya kukaribia hekalu. Nikawamwagia maji taratibu, kwa heshima. Simiyu akanawa vizuri, mpaka kwenye viwiko, akashukuru, akaingia ndani, akaketi mezani akisubiri ugali. Lois akaketi pembeni yake. Kosa si lao. Mtu wa kwetu ukimnawisha mikono unamwambia chakula tayari. Nimesimama mlangoni na beseni langu sijui la kufanya. Jeannine akacheka akawaletea karanga.

Kimono. Pitchou ameweka zipu. Ameweka na mifuko, miwili, mmoja una kifungo. Nilitaka kufa. Wageni wakavaa na hawakutaka kuvua. Lois alijigeuza mbele ya kioo akauliza jina la fundi. Nimejifanya sikusikia. Jeannine amelitaja.

Nikafungua pazia ili waone maua. Pitchou ametundika suruali za wateja kwenye mpichi wote, zinachuruzika maji. Nimefunga pazia.

Sasa kuoga. Hapa ndipo nilipotegemea ushindi. Taratibu ya Kijapani ni hii: unakaa kwenye kigoda nje ya beseni kubwa, unajisugua, unajimwagia, ukiwa safi kabisa ndipo unaingia kujiloweka. Maji hayamwagwi. Anayefuata anaingia humo humo. Nimeieleza mbele ya watu wote, na kumbe nilipaswa kuieleza bila Jeannine kuwepo.

Simiyu alijiloweka, akatoka anang'aa. Nikamkaribisha Lois. Mlango umefungwa. Ndani nasikia brashi. Jeannine ameyamwaga maji yote na anasugua beseni kwa sabuni ya unga! Nimenong'ona kwenye tundu la ufunguo kwamba anaua Japani. Akanijibu kwa sauti, watu wote wakasikia, kwamba mgeni wake hataogea uchafu wa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mume wake wa ndoa.

Maji ya moto yakaisha kwenye bomba. Ikabidi achemshe kwa sufuria, na sufuria zikachukua jiko lote, na chakula kikachelewa. Lois, kwa baridi ya Agosti, na kimono chake cha zipu, akaenda kujikunyata karibu na jiko. Akapewa chai. Simiyu akamfuata. Nimewakumbusha kwamba nyumba za namna hii ni za ukimya. Lois alikuwa anacheka kitu alichoambiwa na mke wangu. Hakunisikia.

Samaki alikaangwa. Sombe, majani ya muhogo ya kwetu, ilipikwa. Simiyu alimega ugali wa pili akanyamaza, macho yamemlowa. Mimi nimehesabu hilo kama ukimya wa Kijapani.

Jumamosi, 11 Agosti 2018

Nimeamka kwenye mkeka. Mimi! Jeannine aliwapeleka wageni chumbani kwetu, kwenye kitanda chetu, na blanketi zote mbili nzito. Yeye kalala kwenye kochi. Mkeka una michoro ya nyota, na zimebaki shavuni mpaka saa hizi.

Nimemwambia Simiyu samahani, haikuwa taratibu. Akasema amelala kama mtoto, na asiamshwe tena namna ile, kwa kengele.

Hata hivyo bado nilikuwa na mlima. Nikawapanga chini ya lango, wote na kimono zao, nikawaelekeza: kuinama mara mbili, kupiga makofi mara mbili, kuinama tena, halafu tupande kimya kimya. Tukainama. Tukapiga makofi.

Ng'ambo ya barabara, makofi mengine yakajibu.

Mama Marthe na kundi lake. Walikuwa wamejificha kwa Pitchou tangu alfajiri, wamefunga, wamekuja kunikomboa. Waliposikia makofi wakadhani ibada ya shetani imeanza, wakavuka barabara wanaimba, magari yakasimama. Wakalizunguka lango. Mama Marthe akaniwekea mkono kichwani akanisukuma, na mimi sikutaka kuanguka, akasukuma zaidi. Niliegemea nguzo. Nguzo ikaenda. Lango zima likalala barabarani, na kina mama wakapiga vigelegele kwa ushindi.

Nilifumba macho. Niliona yunifomu.

Nilipofumbua, Lois alikuwa katikati ya kina mama anacheza. Simiyu anapiga makofi, kimono kimefunguka zipu. Lois akaniuliza kwa furaha kama hekaluni huwa hivi kila Jumamosi. Nimesema ndiyo, kila Jumamosi. Mama Marthe alinisikia, nikaona anakaza mkono tena, lakini Jeannine alishawaita wote ndani wakafuturu. Wameingia wote. Pitchou pia, ambaye hakufunga kitu.

Mlimani hatujaenda. Nyumba imejaa. Wamekula mpaka wamemaliza samaki wa kesho. Mimi nimekula nimesimama.

Jumapili, 12 Agosti 2018

Wameondoka. Niandike kwa haki yote ilivyokuwa.

Simiyu alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema tangu aondoke kwa bibi yake Bungoma hajakaa nyumba ya namna hii, hajacheka na kulishwa hivi, na kazini alikuwa amesahau kwamba yeye ni mtoto wa watu. Kuhusu Japani, alisema kwa upole, hakuiona. Ila hakuitafuta.

Nikamgeukia Jeannine. Wageni wamefurahi. Mkataba ni mkataba. Nafasi ya Alexis apewe mwingine.

Ndipo Lois akasema anataka kurudi Septemba na wenzake wanne wa ofisini. Moyo wangu ukaruka. Wanataka sombe, wanataka kukaa jikoni, na wanataka wale kina mama wa kuimba kama inawezekana. Akaongeza sharti moja dogo, kwa ile sauti yake: waje wakati baba mwenye nyumba yuko kazini.

Nimeuliza kazi gani.

Watu wote wakamtazama Alexis. Shemeji alikuwa amesimama karibu na friji muda wote huo, na mfuko wa plastiki mkononi. Hakuwa na raha. Aliniambia pole, shemeji, kwa sauti ya chini, na suruali ni namba kubwa, ndiyo iliyokuwepo.

Niliumia. Nasema wazi. Nimeileta Japani mwenyewe, kwa kichwa changu, na inabaki na mke wangu. Na kilichoniuma zaidi ni Pitchou, ambaye wakati huo huo alikuwa anampima Lois mabega. Kwaya nzima ya kanisa la Wakenya wanataka kimono zenye zipu. Akamaliza na Lois akanigeukia mimi na futi yake, akasema hiyo suruali ataipunguza bure, kwa ajili ya ujirani.

Jeannine alikuja baadaye akaketi karibu nami. Akaniambia, Baba Arlène, bila wewe nisingejua kwamba hii nyumba inaweza kupendwa na watu. Nimeliandika hapa lisipotee.

Jumanne, 14 Agosti 2018

Siku ya pili kazini. Sandton, jengo la ofisi, lango la magari. Suruali inanikaa vizuri, sitamwambia Pitchou.

Kazi si mbaya. Gari linakuja, nainua kizuizi. Gari linapita, nashusha. Jeannine amenifungia sombe kwenye kopo. Alexis amepita mara moja akasema niko sharp, nisibuni kitu, nisimamie tu. Nimemwahidi. Nimemwangalia machoni nikimwahidi.

Ila kibanda changu ni cha vioo pande zote, na hita waliyoniwekea ni kubwa kuliko kibanda. Ukifunga mlango, dakika chache tu, jasho. Shati limelowa. Nimekaa humo leo nikajisikia mwepesi, ngozi laini kabisa. Kumbe kule Ufini, nimeangalia kwenye simu, watu wanalipa kwa ajili ya hicho hicho.

Kagendo wa mapokezi, Mkenya naye, analalamika mgongo kwa sababu ya baridi. Nimemweleza habari ya Wafini. Akauliza kama ni lazima mtu avue nguo. Nimemwambia hapana, kwa Wakenya tumelegeza. Amekubali, na anawaleta wenzake watatu wa ghorofa ya pili. Kibanda kinaingia watu wawili, lakini nimepima, wakisimama watatosha.

Tunaanza Alhamisi saa sita. Kizuizi nitakiacha juu muda huo wote, ili wateja wasisumbuliwe na magari.