Kuhusu Kutotukanwa Katika Albamu ya Pili

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Muziki,

Pokea salamu zangu, na kama una mkubwa wako hapo ofisini mpelekee na yeye, maana jambo hili huenda likamfikia.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu, sinki moja la kuoshea nywele na draya mbili, na nyuma ya saluni ndiko ninakoishi. Vilevile ni mama mzazi wa yule kijana anayeimba na kupiga gitaa katika bendi ya roki iitwayo Swichi Kuu. Juzi uliiandikia bendi hiyo nusu ukurasa, ukasema albamu yao ya pili ni hatua ya ukomavu, kwamba sauti yao imetulia, na kwamba "hasira imewatoka, sasa wameanza kupumua." Nilisoma maneno hayo huku kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwangu. Nilimsuka kwa ghadhabu hadi nyusi zikampanda, ikabidi nimfumue nianze upya.

Sina ugomvi na wewe binafsi. Unaandika vizuri na koma zako zimekaa mahali pake. Ila umelisifu jambo ambalo mimi limenitoa machozi, na katika nusu ukurasa mzima hukufikiria kwamba wanamuziki nao wana mama. Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili usije ukaruka hata moja.

1. Albamu ya kwanza ilikuwa yangu. Sisemi kwamba nilishika gitaa. Nasema ilinihusu mimi tangu mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wanafanyia mazoezi chumba cha nyuma, ukuta mmoja na saluni: mwanangu, na yule wa gitaa la besi tunayemwita Bubu kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi mbele yangu, na mpiga ngoma, Kijiko, aliyejifunzia kazi kwenye masufuria yangu. Kelele zao zilitikisa vioo. Wateja hawakusikia ninachowaambia, na saluni ambayo watu hawasikii umbea ina faida gani? Basi nikawa nakwenda kwenye swichi kuu ya umeme, naizima. Jina la bendi limetoka kwenye kidole changu hiki. Nikishazima nasimama mlangoni na kuwapa za uso, na maneno niliyowapa pale, Mhariri, ndiyo yaliyokuja kuwa nyimbo. "Zima Hilo Gitaa" ni mimi. "Majirani Watasemaje" ni mimi, neno kwa neno. "Watoto wa Wenzako Wako Kazini" ni mimi siku moja nilipokuwa naumwa jino. Hata ule wimbo mfupi ambao ni mayowe matupu halafu kimya cha ghafla, hapo ndipo nilipofika kwenye swichi.

2. Wala sikuchukia. Hili ndilo watu wanashindwa kulielewa. Albamu ilipotoka, jirani yangu muuza duka la dawa alikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Akasema mtoto ameniumbua mbele za watu. Nikamwambia si matusi ya nguoni, ni mambo ya nyumbani tu, lakini moyoni nilinywea. Kisha nikafunga safari hadi kwenye onyesho lao. Nilijitanda kichwa nisijulikane, nikasimama nyuma kabisa karibu na mlango wa vyoo. Ukumbi mzima wa vijana ulikuwa umeinua mikono, unaimba "zima hilo gitaa" kwa sauti yangu, hadi ile namna yangu ya kulivuta neno "hilo". Mimi darasani nilikuwa mtu wa katikati. Sijawahi kupigiwa makofi maishani, hata siku ya harusi yangu walimpigia mpiga picha. Nililia pale nyuma, na sikulia kwa aibu.

3. Tangu siku hiyo wasichana wakawa wanatoka mbali kuja kusukwa na Mama Swichi, maana ndivyo walivyoniita. Hawakutaka kusukwa tu, walitaka na kukaripiwa. Mmoja nilimmaliza, nikampa kioo ajitazame, naye akaendelea kukaa. Akaniuliza kwa upole kama amenikosea, maana sikumfokea hata kidogo. Nikamwambia akae sawa, shingo hiyo si ya kuazima. Akatoka anacheka hadi barabarani. Sasa tangu itoke albamu ya pili, wanakuja, wanakaa, wanaangalia dirishani. Nikiwauliza kulikoni, wanasema wanajisikia. Wanajisikia nini, hawajui. Wanasema ni huo muziki.

4. Nimejitafuta kwenye albamu hiyo na sikujikuta. Wimbo wa kwanza ni mvua. Wa pili ni barabara. Wa tatu ni kinanda peke yake, kinapigwa na yule binti waliyemwongeza, msichana mwenye adabu zake ambaye siwezi kumsema vibaya, na nimejaribu. Wa nne ni dirisha la nyumba nisiyoijua. Gitaa la mwanangu lililokuwa linakwaruza hadi unasikia kwenye meno, sasa linadondosha sauti moja, linatulia, linadondosha nyingine, na hapo katikati mtu anaweza kwenda sokoni akarudi. Naye Kijiko, aliyenitoboa masufuria mawili, siku hizi anapiga ngoma kwa brashi. Kwa brashi, Mhariri, kama anayepangusa vumbi. Masufuria yangu yaliharibika ili afike hapo?

5. Kuna ule wimbo wa sita. Humo anamwimbia mtu, anamwita "wewe" kuanzia juu hadi chini, wala hasemi ni nani. Tuliufanyia kikao hapa saluni. Muuguzi, ambaye ni mteja wangu wa siku nyingi, alisema ni mchumba. Mwalimu wa hesabu, akiwa chini ya draya, alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani kwamba ni Mungu. Nikasema huenda ni mimi. Muuguzi akanishika mkono namna wanavyowashika watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Wimbo huo sijaupiga tena.

6. Usidhani nimekaa tu kulalamika. Nimejitahidi kurekebisha. Mwanangu na wenzake walishahamia mji mwingine, kwa hiyo nilitumia simu. Nilijua mtunzi wa nyimbo anahitaji mali ghafi, nikaanza kumpelekea. Nilimpigia nikamwambia nywele zake kwenye jalada la albamu ni fedheha kwa mtoto wa msusi. Akasema, "Kweli mama, zinahitaji kushughulikiwa." Nikamwambia chumba chake cha nyuma nimekijaza maboksi ya nywele za bandia. Akasema nimefanya vizuri, chumba kisikae bure. Nikamwambia mwenye akili katika bendi nzima ni Bubu. Akasema hata wao wanaona hivyo. Mwisho nikamrekodia ujumbe wa sauti mrefu, nikagusia chuo alichoacha, kitanda alichokuwa hatandiki, na marehemu babu yake angesemaje. Akanirudishia alama ya moyo. Zamani ujumbe ule ungetoa nyimbo tatu na kiitikio cha akiba.

Hapa niseme wazi, maana nimechoka kujifanya nacheka. Mtoto anayenikasirikia najua aliko. Amekunja uso, amebamiza mlango, lakini ndani ya hasira yake mimi nipo. Huyu anayenijibu "sawa mama" sijui aliko. Anaimba mvua na barabara kwa sauti nzuri, nakubali ni nzuri, pengine nzuri kuliko zamani, ila mimi simo humo. Naogopa, Mhariri. Naogopa kwamba huu ukomavu mnaousifu maana yake ni kwamba mwanangu amenisahau, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

7. Kwa sababu hizo naomba yafuatayo.

Kwanza, gazeti lako lisahihishe pale liliposema hasira imewatoka. Liandike kwamba hasira imewekwa kando kwa muda, na mwenyewe ataijia.

Pili, msimsifu tena mwanamuziki yeyote kwa utulivu kabla hamjamwuliza mama yake kama yuko hai na anaonaje.

Tatu, utumie heshima uliyonayo kuwashawishi warudi kurekodia albamu ya tatu kwenye chumba cha nyuma. Maboksi nitayatoa mwenyewe. Nitasimama mlangoni, na swichi nitaizima kila mtayarishaji atakaponipa ishara, hata kwa kurudia mara nyingi mpaka waipate ile nzuri. Sitaki jina langu liandikwe kwenye jalada. Nikiandikwa sitakataa.

Nne, nihakikishiwe nyimbo mbili za kunisema, mmoja uwe wa kufungulia. Asiogope kunipaka matope, nimeshayazoea, na biashara ilichangamka. Na kama shida ni kwamba makosa yangu ya zamani yamekwisha kuimbwa, niko tayari kutenda mapya. Naweza kwenda kwenye onyesho nimevaa fulana yenye picha yake akiogeshwa kwenye beseni. Naweza kupiga simu redioni akiwa katikati ya mahojiano, nikamkumbusha avae sweta. Naweza kumwuliza yule binti wa kinanda, mbele ya wenzake wote, ana mpango gani na mwanangu. Hilo la mwisho nimelifikiria sana, na naona lina wimbo ndani yake hata kabla sijalifanya.

Tano, yote hayo yakishindikana, basi kijana anipigie simu kila wiki anifokee. Si lazima iwe kwa jambo kubwa. Anaweza kunifokea hata kuhusu hali ya hewa ya huko aliko, nami nitamjibu inavyostahili, kisha kila mtu aendelee na kazi zake.

Naishia hapo kwa sababu kuna mtu ana dawa kichwani na imeanza kumwasha. Nisalimie mchora katuni, mwambie ninamsoma kwanza yeye kabla yako. Nisalimie waliopo kwenye mitambo ya kuchapa. Mwandishi wa michezo naye msalimie, umwambie zile ndevu kwenye picha yake zinatengenezeka, aje tu. Na kama una mama, msalimie sana, na umwulize leo hii lini ulimkasirikia mara ya mwisho.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima zote,

Mama Swichi,
msusi.

Nyongeza: Barua hii nilimpa yule muuguzi anipigie chapa, kwa sababu mwandiko wangu ni wa mtu anayeshika kitana kutwa nzima. Kumbe kabla ya kunirudishia alimpigia mwanangu simu akamsomea. Leo asubuhi, saluni imejaa, kijana akanipigia. Mhariri, alifoka. "Gazetini, mama? Umekaa ukaona uandike gazetini?" Alifoka bila kuvuta pumzi. Akaniuliza Kijiko atajisikiaje, na huyo binti nimemkosea nini, na watu huko aliko watasemaje. Nikaiweka simu kwenye spika ili wateja wasikie, nikaiinua juu. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kukueleza.

Halafu akachoka. Sauti ikashuka hadi ile anayoimbia siku hizi. Akasema, "Mama, ile ya kwanza tulipiga kelele kwa sababu hukutaka kusikia. Hii nimeimba polepole kwa sababu najua sasa unasikiliza."

Nikazima spika. Wateja wote ghafla wakawa na shughuli na vioo vyao. Nikaenda na simu hadi chumba cha nyuma, nikakaa juu ya boksi la nywele za bandia, naye akangoja bila kukata.

Kwa hiyo usiichapishe barua hii. Uliyoandika wewe yaache kama yalivyo. Anakuja Jumapili. Ameomba nisipike na nisialike mtu, tukae wawili tuisikilize albamu yote kuanzia mwanzo. Nilikubali haraka kabla sijafikiri, na sasa ndipo nafikiri. Tangu nimzae sijawahi kukaa na mwanangu nikanyamaza muda wote huo, na sijui jambo hilo linafanywaje. Wewe kazi yako ndiyo hiyo, kukaa na kusikiliza. Kama kuna namna, tafadhali niandikie kabla ya Jumapili.