Kidole Changu na Daktari wa Meno

Jumatatu, 8 Julai

Nimechoka. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Magoti yote mawili yanauma, na la kushoto sasa linalia nikipanda ngazi. Beryl anasema ni ngazi inayolia. Mke wangu huyo!

Habari mbaya zimenikuta baa. Tunnicliffe, nahodha wetu wa kriketi, ambaye wiki nzima ni muuza nyama, alinivuta pembeni na kuniita mzee wangu. Akiniita hivyo, nakaa chonjo. Akasema fundi bomba anarudi kutoka Hispania, kwa hiyo kijiji chetu, Tidbrook, kina wachezaji kumi na wawili, na timu ni kumi na mmoja. Mmoja lazima apumzike. Ama mimi, ama daktari wa meno. Jumamosi tunacheza na kijiji jirani, Long Harrop. Kati yetu wawili, atakayepata mbio chache, yaani alama chache, atakaa nje mpaka msimu uishe. Na kwa umri wangu, ukishakaa nje hakuna anayekumbuka kukuita ndani.

Miaka thelathini nimekipigania kijiji hiki! Daktari amehamia juzi tu, wakati wa Pasaka. Anaitwa Wetherall. Ana mabega, ana meno yote, ana adabu. Simpendi hata kidogo.

Long Harrop wanatushinda kila mwaka na kutucheka njia nzima. Watushinde tena, sina neno. Mimi nataka kubaki kwenye timu, basi. Hakuna kitu duniani kama kutembea kwenda katikati ya uwanja na gongo lako la kupigia mpira mkononi, watu wanatazama, na hujaharibu chochote bado.

Jumanne, 9 Julai

Nina mpango. Nitamwalika daktari baa Ijumaa usiku, nimnyweshe kwa ukarimu. Jumamosi ataona mipira mitatu na ataupiga ule usiokuwepo. Mpango mzuri sana.

Nikaenda kliniki kwake kumwalika. Akafurahi mno. Akasema yeye hanywi, lakini mbona shavu limejaa upande mmoja? "Hebu panua kidogo tu, mzee wangu, nichungulie." Nikapanua. Ndilo kosa langu.

Jino limekwenda. Lilikuwa limeoza, anasema, na lingenitesa mbeleni. Hakunitoza chochote, wachezaji wa timu moja ni ndugu, ati. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nani aliwahi kuniambia kwamba hutoka na pengo? Nimelala saa kumi na mbili jioni, jua bado linawaka.

Alhamisi, 11 Julai

Siku mbili za uji. Uso umevimba. Beryl kamwita jirani aje aone.

Jioni mazoezi. Sikucheza, nilikuja na akili tu. Mrushaji mkuu wa Long Harrop ni Gorringe, dereva wa lori la maziwa, mtu wa kutisha. Mwaka jana mpira wake ulimpata tarishi wetu mbavuni, na barua zilichelewa kijiji kizima. Nikamwendea Tunnicliffe, nikamwambia daktari anastahili heshima ya kufungua mchezo, apige wa kwanza. Mimi niwekwe wa saba. Wakati huo Gorringe atakuwa amechoka.

Tunnicliffe alinishika bega. Macho yalimlowa, nadhani. Akasema hakujua kama nina roho ya namna hii, kumpisha kijana mbele. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Shavu likauma.

Kisha akaniongezea kazi. Prosser, mwamuzi wetu wa siku zote, ameenda Wales kumwona mjukuu. Kwa hiyo ni ule utaratibu wa zamani: timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi, na anayesubiri zamu yake huvaa koti jeupe na kusimama uwanjani. Mimi nitaanza. Sawa. Desturi haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: humnyanyulii kidole mtu wa kwenu kumtoa, ila vile vijiti vitatu anavyovilinda viwe vimeng'olewa na kuonekana barabarani.

Ijumaa, 12 Julai

Mvua kubwa! Nikashukuru. Ikakatika.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike pole pole, maana sielewi vizuri kilichotokea.

Tulianza kupiga. Daktari mbele, Gorringe anakuja mbio kama lori lake. Mpira wa kwanza, daktari akaupeleka ukingoni. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu ukaingia kwenye kabichi za mama Ottaway. Watu wakapiga makofi. Mimi nimesimama na koti linalonifika visiginoni, nahesabu mbio za adui yangu. Alikuwa na arobaini. Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kufika thelathini.

Moyo uliniuma, nasema kweli. Niliona msimu mzima ukiondoka bila mimi.

Ndipo mpira mmoja ukamgonga daktari mguuni. Sheria ni kwamba mguu ukikinga mpira uliokuwa unaelekea kwenye vijiti, mpigaji ametoka. Huu ulikuwa hauelekei kwenye vijiti. Ulikuwa unaelekea kanisani. Gorringe akanipigia kelele ya "Vipi, mwamuzi?" kwa mazoea tu, keshageuka kurudi zake.

Nikanyanyua kidole.

Hata Gorringe aliniuliza kama nina hakika. Daktari alinitazama kidogo, akasema, "Haya, asante mzee," akaweka gongo kwapani na kuondoka. Hakunung'unika! Mtu gani huyu?

Baada yake timu ilianguka yote. Nikavua koti, nikavaa pedi za kukinga miguu, nikaenda kupiga. Mwamuzi sasa alikuwa ndugu yake Tunnicliffe. Mpira wa kwanza ukanipapasa goti, lile linalolia. Kabla Gorringe hajafungua mdomo, kidole kikawa juu. Nikamwuliza anafanya nini. Akanijibu kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba haki ni haki, na mimi ndiye niliyewafundisha. Sifuri! Tulimalizwa tukiwa na mbio tisini na moja, na mimi sina hata moja.

Wakati wa chai nilijificha nyuma ya skonzi za Beryl. Huko nikamsikia Kasisi Bellamy wa Long Harrop akiwasema watu wake. Kwamba amekuwa mwamuzi wao miaka mingi na hajawahi kumtoa mtu wa kwao. Kwamba leo mzee mmoja wa Tidbrook, uso umemvimba, amemtoa mpigaji bora kabisa wa timu yake mwenyewe kwa ajili ya ukweli. "Na sisi je? Tutazidiwa uungwana na Tidbrook? Tidbrook, jamani!"

Walipoanza kupiga walikuwa wanatumaliza vizuri. Mbio sitini, ametoka mmoja tu. Kisha Kasisi akavaa koti. Akamtoa nahodha wao. Akamtoa shemeji yake mwenyewe. Akamtoa Gorringe, na Gorringe alisema neno ambalo Kasisi atalisikia hata akihubiri. Mwenzake upande wa pili, asionekane mnafiki, naye akaanza kunyanyua. Vidole juu kila upande.

Tumeshinda kwa mbio nne. Walinibeba juu juu mpaka baa, na mlangoni nikagonga kichwa.

Jumapili, 14 Julai

Magoti, jino, kichwa. Sijui nianze kuuguza lipi.

Daktari amekuja na bakuli la supu, laini, isiyohitaji kutafuna. Akaniambia kwamba pale uwanjani alidhani mpira unakwenda nje ya vijiti, lakini amefikiri usiku kucha na ameona kwamba mtu kama mimi hawezi kuona vibaya. Akaomba nimfundishe namna ya kusimama. Niliona haya kweli, nilitamani ardhi inimeze. Ilichukua kama dakika mbili, ikapita. Supu ilikuwa tamu.

Jumatano, 17 Julai

Mkutano wa timu. Niliingia nikitembea kama shujaa, nikakaa mbele. Nilijua hawataniacha nje sasa. Nani amweke benchi mtu aliyebebwa?

Tunnicliffe akasimama. Akasema timu ya msimu huu ni hii: fundi bomba ndani, daktari ndani. Mimi sipumzishwi, la hasha. Prosser ameamua kubaki Wales, na Long Harrop wameandika wenyewe kwamba hawatacheza nasi tena bila mzee yule mwaminifu. Vijiji vingine navyo vinaniomba. Kwa hiyo, kwa kauli moja, mimi ni mwamuzi wa Tidbrook wa kudumu. Maisha!

Wote wakasimama kupiga makofi. Daktari ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Nilitaka kusema mimi ni mpigaji, nataka gongo langu. Makofi hayakuniachia nafasi. Beryl anasema nilikuwa nalia na kwamba watu wameguswa sana.

Jumamosi, 20 Julai

Mechi yangu ya kwanza kama mwamuzi. Nimesimama kwa muda wa saa tano, goti linalia. Nimetazama wenzangu wakitembea kwenda katikati na magongo yao, mmoja baada ya mwingine. Imeniuma kuliko jino.

Lakini nimepata mpango. Ni rahisi, sijui kwa nini sikuufikiria mapema. Leo nimemtoa fundi bomba, nimemtoa Tunnicliffe, na daktari nimemtoa kwa mpira ambao hata haukumgusa. Wameudhika, wamenipa mkono, wamesema haki ni haki. Nikiendelea hivi, mpaka Septemba watakuwa wamekata tamaa na kuacha kriketi wote. Na timu ikikosa wapigaji, itabidi waje kumwomba mtu mwenye uzoefu.