Koti la Kapteni Drexel

Jumatatu, 6 Juni 1955. Njombe.

Baridi kali. Maji ya kunawia yameganda juu. Nimemaliza kusoma tena *Maiti Kwenye Gari la Maziwa*. Bado tamu! Kinaanza na farasi anayesimama mlango wa namba saba kama kila asubuhi, ila muuza maziwa aliyeshika hatamu amekufa tangu usiku. Hiyo ndiyo akili ya Bwana Galsby. Mwandishi mwingine angeanza na mvua.

Ninavyo vitabu vyake kumi na kimoja. Vyote nimevipata kwa Wazungu wa mashamba waliofunga virago kurudi kwao. Orodha iliyo kurasa za mwisho inasema viko kumi na viwili. Kinachokosekana ni *Kapteni Drexel Hana Usingizi*. Rafu yangu sasa ni kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Mgeni akiingia haoni vitabu, anaona pengo. Au mimi ndiye ninayeliona.

Kilipo nakijua. Kiko Makambako kwa shemeji yangu Nahumu, kaka wa mke wangu Priska. Nahumu ni fundi cherehani. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikinunua mnadani kwa sababu ya picha ya jaladani: Kapteni Drexel, mpelelezi wa vitabu vyote hivi, amesimama barazani, amevaa koti refu lenye kola pana na mkanda. Kwa picha hiyo Nahumu anashona makoti, na kwa baridi ya huku watu wanayagombea. Mteja anaonyesha kidole, Nahumu anashika futi. Basi. Kapteni mwenye kesi kumi na mbili amefanywa kielelezo cha mshono!

Nimemtumia *Maiti* kwa mkono wa dereva wa basi, tubadilishane. Nitakipata *Hana Usingizi* kwanza. *Maiti* nitajua baadaye jinsi ya kukirudisha.

Jumatano, 8 Juni.

Dereva amerudi na *Maiti*. Nahumu anasema ahsante, lakini mtu wa kwenye jalada hili amelala kifudifudi na kola haionekani.

Alhamisi, 9 Juni.

Mambo yameharibika. Priska alimwambia shoga yake kwamba natafuta njia ya kukipata kitabu, shoga akapanda basi, na Nahumu akasikia kabla ya chakula cha mchana. Kitabu kimehamishwa. Sasa kiko chumbani kwa mama mkwe, ndani ya sanduku, chini ya nguo zake za kanisani.

Kwetu mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake. Hata njiani akikutana naye anaacha njia, anageuza uso mpaka mama apite. Ndivyo tulivyolelewa. Kapteni Drexel amefungua sefu za mabenki gizani, kwa pini ya nywele. Lakini Kapteni hana mama mkwe. Hapo Bwana Galsby hana la kunisaidia.

Au analo! Kitabu cha nne, Kapteni anajigeuza mkaguzi wa gesi. Mkaguzi si mkwe wa mtu.

Jumamosi, 11 Juni. Makambako.

Nimekuja kama bwana afya. Kofia ya kaki, miwani ya jua, faili la baraza kwapani. Ndevu ni za mbuzi wetu jike, nimezibandika kwa ulimbo wa kutegea ndege. Ndani ya basi hakuna aliyenijua. Mwalimu niliyesoma naye alinipisha kiti.

Nahumu alikuwa barazani na cherehani yake. Hakunijua! Akaniita Bwana Mkubwa, akanifutia kigoda. Nikamweleza, kwa Kiswahili cha pwani, kwamba tuna habari za panya wenye tauni, na panya hawa hupenda masanduku. Akasema karibu, kagua popote. Akatangulia kunifungulia. Nilibakiza hatua mbili kuufikia mlango.

Mama mkwe akatoka na ungo wa mahindi.

Miguu haikuniuliza. Niliruka kutoka barazani, nikavuka matuta ya viazi, nikasimama nimempa mgongo, kofia mkononi, uso ndani ya ua wa matete. Mtaa mzima ulimwona bwana afya wa Serikali akimkimbia bibi mwenye ungo. Kisha mama mkwe akausalimu mgongo wangu, kwa upole kabisa. Kamwene, mkwe wangu. Priska hajambo? Na mtoto je? Nikauambia ua kwamba wote hawajambo.

Nahumu alicheka mpaka akashindwa kupiga pedali.

Jumapili, 12 Juni. Njombe.

Ulimbo hautoki kwa maji ya moto. Nimekwenda ibadani na ndevu upande mmoja. Mchungaji alinitazama kuliko ilivyohitajika.

Wazee wa ukoo wa mke wangu wameleta ujumbe. Mkwe aliyetaka kuingia chumbani kwa mama mkwe atatoa mbuzi jike kuondoa aibu. Tunaye mmoja tu. Ndiye yule yule wa ndevu.

Jumatano, 15 Juni.

Priska alimpeleka mbuzi asubuhi. Jioni amerudi na kitabu! Nilimwuliza ametumia mbinu gani. Akasema ameomba. Mama alishangaa: angekitoa siku nyingi kama angejua nataka kukisoma. Alidhani nataka koti. Nahumu naye hakuwa na ugomvi. Alikata jalada kwa mkasi, akabaki nalo, akasema ndani hamna mshono wowote.

Jalada la nini? Nimekishika. Kumi na viwili!

Alhamisi, 16 Juni.

Ukurasa wa kwanza. Farasi anasimama mlango wa namba saba.

Nikadhani nimechukua kitabu kisicho chenyewe. Nikaleta *Maiti*, nikaviweka pamoja mezani. Neno kwa neno, mpaka mwisho. Wachapishaji walibadili jina na picha, wakakiuza tena. Niliumia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliumia kama mtoto. Priska aliniona nimeinama, akauliza nani amekufa. Nikasema muuza maziwa, mara mbili.

Ijumaa, 17 Juni.

Nimelala, nimefikiri, nimetulia. Ikiwa ndani ni kile kile, basi kinachokifanya cha kumi na mbili kuwa cha kumi na mbili ni jalada. Jalada analo Nahumu. Kwa hiyo bado nina upungufu wa kitabu kimoja, na hesabu ya mwanzo ilikuwa sahihi.

Priska anasema niende nikaombe kama yeye. Nimemwambia mambo haya hayaendi hivyo.

Jalada, nasikia, limerudishwa sandukuni kwa mama mkwe. Nasikia pia ng'ombe wake anakohoa. Kesho nakwenda kama bwana mifugo. Kosa la safari ile nimeshaligundua: ndevu zilikuwa fupi. Nimekwenda kwa jirani Laurenti kuazima mkasi, na kuomba ruhusa ya kumkaribia beberu wake.