Mapengo ya Malishoni

Jumatatu, 6 Februari 2006
Nimeamua: kiti cha mchambuzi mkuu ni changu, si cha Nyawira, mwenzangu wa ofisini! Bosi wetu, Bwana Gichuru, anataka hesabu za utafiti wa maji Ijumaa. Kisima ni kimoja tu, kitaenda kwa tabaka lenye kiu zaidi. Matabaka ni matatu: mji wa Kitengela, mashamba ya maua ya Isinya, na malisho ya mbali. Katika kila tabaka, nyumba za kuhojiwa zimechaguliwa kwa kura. Kazi rahisi.

Jumanne, 7 Februari
Si rahisi. Huko malishoni karibu maboma yote yaliyoangukiwa na kura ni matupu. Ukame. Watu wamehama na ng'ombe. Nilimkuta Mama Naserian tu, amebaki kwa sababu mke wa mwanawe ni mjamzito. Akanipa maziwa, kikombe cha mwisho, akaniomba nisimsahau ofisini. Nikamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nyawira anasema tuwafuate waliohama, hata wakiwa Tanzania. Mwendawazimu! Mimi nimejaza mapengo kwa majirani walio karibu na lami: mwalimu, mwenye bucha, mwenye ploti. Wote wana matangi. Jedwali limejaa. Raha!

Ijumaa, 10 Februari
Makofi! Kumbe watu wa malisho wana maji mengi kuliko wa mjini. Nyawira akauliza tangu lini wafugaji wakawa na mifereji. Nikamjibu kwamba tarakimu hazina wivu. Jibu la Mama Naserian limemezwa na matangi ya wengine. Kisima kimepewa mji. Kiti nimepata. Kinazunguka!

Jumamosi, 25 Februari
Nimemwona Mama Naserian sokoni Kitengela, akiuza ngozi. Ng'ombe wote wamekufa. Hakunilaumu. Alinigusa kichwani kama mwanawe, akauliza mtambo wa kuchimba utafika lini, maana mjukuu amezaliwa na hakuna maji ya kumwogesha. Nikasema hivi karibuni.

Nimelia hadi nyumbani. Beverlyne, mke wangu, akauliza kuna nini. Nikasema ni vumbi. Lakini nimeapa mbele ya Mungu: sitajaza pengo tena, kamwe.

Jumatatu, 27 Februari
Utafiti mpya! Njaa mashuleni. Wanafunzi wamechaguliwa kwa kura, darasa kwa darasa. Taabu ni moja: wengi walioangukiwa na kura hawaji shuleni, wamelala nyumbani kwa njaa. Nyawira anasema tuwafuate huko. Mwendawazimu! Nitawahoji waliokuja. Wanajibu vizuri, na wote wamekunywa chai.